Alimgeuza Chura Haraka Mno: Skripti Zinafanya Nini Ndani ya Gemu za Mkakati

Mpwa wangu alitolewa kwenye kundi la wachezaji wenzake kwa kosa moja: alimgeuza mtu chura haraka mno.

Anaishi Mabatini, hapa Mwanza, na anacheza Dota 2, gemu ya timu mbili zinazopigana mtandaoni, kwenye kompyuta ya mezani iliyozeekea ofisini kwa watu kabla ya kumfikia yeye, intaneti ikitoka kwenye simu. Vijana wa Mwanza, Musoma na Bukoba walikuwa wamejiandalia mashindano yao, wakicheza usiku wa manane bando linapokuwa nafuu. Usiku huo alikuwa na Lion, shujaa ambaye miongoni mwa nguvu zake ana ya kumgeuza adui chura kwa sekunde chache. Ukiwa chura hupigi wala hurushi chochote, unabaki kurukaruka ukisubiri kuuawa. Kijana wa Musoma akamtokea ghafla kutoka gizani, akitumia kisu kinachomhamisha mtu kutoka pale alipo hadi mbali, kufumba na kufumbua. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwahi hata kutua. Alipoangalia skrini alikuwa chura tayari. Usiku uleule pakaandikwa kwenye WhatsApp, "Huyu dogo anatumia skripti," na hadi kunakucha alikuwa ameshatolewa.

Alinijia jioni yake. Akanipa shikamoo, akakaa, chai hakuigusa. Baada ya kimya kirefu akaniuliza: "Mjomba, mtu anathibitishaje kwamba mkono ni wake?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta kwa wiki kadhaa, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba wengi wetu tunalitumia neno skripti kama watu wanavyolitumia neno uchawi: kila tunaposhindwa kwa namna tusiyoweza kuieleza, tunalitupia. Na kama ilivyo kwa uchawi, anayeumia mara nyingi ni asiyehusika, huku mhusika halisi akiendelea na shughuli zake. Kwa hiyo naona ni haki kulifungua neno lenyewe, tuone ndani yake kuna nini.

Chabo, kibarua, akili ya kuazima na mkono wa kuazima

Vijana wanasema "kuchiti" kwa mambo manne yasiyofanana hata kidogo.

Akili ya kuazima ndiyo rahisi kueleweka. Ukipita kwenye vijiwe vya Makoroboi utakuta watu wamezunguka ubao wa drafti, kete zake vizibo vya soda. Kila kitu kiko wazi. Hakuna kilichofichwa, hakuna anayeshindana kwa kasi ya vidole. Bao ni hivyohivyo, na isolo ya Wasukuma pia. Kwenye michezo ya namna hiyo, njia ya kudanganya ni kumpata mtu mwenye kichwa kuliko chako akunong'oneze. Chesi imeumwa na ugonjwa huo tangu mashine ziwe na vichwa. Mwaka 1997 kompyuta ya IBM iliyoitwa Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia, na leo programu ya chesi inayokaa kwenye simu ya kawaida inamzidi binadamu yeyote aliye hai. Anayeificha simu chooni ana mnong'onezaji asiyekosea.

Kibarua ni programu inayocheza wewe ukiwa umelala: inakusanya dhahabu, inakata kuni, inapanda ngazi, inarudia. Wachezaji wanaiita boti, neno ambalo kwetu sisi wa ziwani lina maana nyingine kabisa. Sitakaa nayo sana. Inaharibu uchumi wa gemu, lakini haimgusi mtu uso kwa uso kama hizo nyingine.

Chabo ni kuona ulichofichwa, na hii inahitaji maelezo kidogo, kwa sababu chanzo chake ni namna gemu zenyewe zilivyojengwa.

Gemu nyingi za mkakati zina ukungu. Unaona tu maeneo yaliyo karibu na watu wako, kwingine kote ni giza. Sasa chukua Age of Empires, iliyotoka mwaka 1997. Wakati huo watu waliunganishwa kwa modemu za simu za kilobiti 28.8 kwa sekunde, na gemu ilitakiwa kuendesha hadi askari 1,500 kwa wakati mmoja. Kutuma mahali alipo kila askari, kila mara, kupitia bomba jembamba namna hiyo, kusingewezekana. Waliofanya kazi hiyo wakaja na njia nyingine: zitumwe amri tu, na kila kompyuta ipige hesabu zilezile na kufika mahali palepale.

Mcheza bao ataielewa njia hiyo mara moja. Tuseme nipo Mwanza, rafiki yangu yuko Bukoba, kila mmoja na bao lake, na tunacheza kwa simu. Akiniambia anaanzia shimo lipi na anaelekea upande gani, hahitaji kunitajia kila kete imeangukia wapi. Nasambaza mwenyewe, na mabao yetu mawili yanabaki sawa hadi mwisho. Simu imebeba maneno mawili, lakini mchezo mzima umesafiri.

Gharama yake ni hii: ili bao langu lifanane na lako, lazima liwe na kete zako zote. Kompyuta yangu inajua askari wako wako wapi, wote, muda wote. Ukungu ninaouona ni pazia tu lililotundikwa mbele ya macho yangu, na pazia linafunuliwa. StarCraft ya mwaka 1998 ilijengwa kwa mtindo huohuo, na wapiga chabo waliisumbua kwa miaka. Dota 2 na League of Legends zilienda njia tofauti: bao moja linakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya wenye gemu, na mchezaji anatumiwa yale tu anayoruhusiwa kuyaona. Hapo mpiga chabo anabakiwa na makombo. Lakini makombo yapo, na nitayarudia.

Mkono wa kuazima ndio skripti yenyewe. Ndiyo aliyosingiziwa mpwa wangu.

Ndani ya sehemu moja ya thelathini ya sekunde

Gemu ikiwa inaendelea, kompyuta yako ina daftari kwenye kumbukumbu yake. Humo mmeandikwa kila shujaa unayeweza kumwona, amesimama wapi, ameanza kuinua mkono kufanya nini, nguvu yake ipi imebakiza sekunde ngapi. Wewe daftari hilo hulioni. Unaona picha iliyochorwa kutokana nalo, jicho linaipeleka kwenye ubongo, ubongo unaamua, kidole kinashuka. Kwa binadamu mzima aliye macho, kuona tu kitu kimoja na kubonyeza kitufe kimoja huchukua milisekunde 200 hadi 250, yaani robo ya sekunde hivi. Ikibidi uchague kati ya vitu viwili au vitatu, muda unaongezeka.

Skripti inaliruka jicho. Inasoma daftari moja kwa moja. Seva ya Dota 2 inahesabu mapigo 30 kwa sekunde, yaani pigo moja kila milisekunde 33. Adui akitokea kwa kisu cha kuruka, pigo linalofuata daftari limeshaandika: fulani yuko hapa. Skripti ina mstari mmoja unaosema kwamba adui akitokea ndani ya umbali huu, na nguvu ya chura iko tayari, mgeuze. Inatuma amri kabla picha haijachorwa kwenye skrini yako.

Kwenye League of Legends mfano unaopendwa ni kukwepa. Mshale uliorushwa una mahali ulipoanzia, uelekeo, mwendo na upana. Hayo manne yakijulikana, ni hesabu ya darasani kujua kama utakupata na ni hatua gani fupi kuliko zote itakayokutoa njiani. Mchezaji mzuri hukisia, huyumba, wakati mwingine huyumbia palepale mshale ulipo. Skripti inatoka pembeni kwa kipimo kamili, kila mara, hata kama mishale ni mitatu.

Watu wengi wakisikia haya wanadhani tatizo ni kasi. Mimi naona kasi ni nusu tu ya jambo, na nusu iliyo ndogo.

Nenda Mwaloni, Kirumba, alfajiri dagaa wanaposhushwa, umuulize mvuvi usiku wake ulikuwaje. Taa zinatandazwa juu ya maji, kadhaa, kila moja ikiwavuta dagaa wake, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola. Mtumbwi ni mmoja na wavu ni mmoja. Kazi yote ya nahodha ni kusoma: taa ipi imejaza, ipi bado, ipi ukichelewa watatawanyika. Kila anapoiendea moja ameziacha nyingine. Ujuzi wake ni kuchagua cha kuacha.

Gemu ya mkakati ya muda halisi, isiyo na kusubiriana zamu, imejengwa juu ya jambo hilohilo. Una mji wa kuujenga, mpaka wa kuulinda, vita inayowaka kaskazini na nyingine inayonukia kusini, na jicho lako ni moja. Mchezaji bora anajua wapi pa kuangalia sasa hivi na wapi pa kuthubutu kutopaangalia. Skripti inampa mwenye nayo wavu wa pili, wa tatu, wa nne. Inamlindia taa alizozipa kisogo. Kinachoibwa hapo ni ile gharama ya kuchagua, na gharama hiyo ikiondoka, mchezo umebaki jina.

Kuna jaribio moja lililonifanya niliamini hili kabisa. Januari 2019 kampuni ya DeepMind ilionyesha AlphaStar, mashine iliyojifunza StarCraft II, ikiwa imewashinda wachezaji wawili wa kulipwa, kila mmoja mechi tano, jumla kumi bila. Mashine hiyo iliweza kuona kwa pamoja sehemu yote ya uwanja isiyofunikwa na ukungu, bila kusogeza kamera. Siku hiyohiyo ikaletwa mashine nyingine iliyolazimishwa kusogeza kamera kama binadamu, itazame hapa au pale, si kote. Ikapoteza, kwa mmoja wa wachezaji walewale. Baadaye mwaka huo wakatangaza toleo lenye kamera na kikomo cha vitendo 22 kwa kila sekunde tano, na hilo likafika juu ya asilimia 99.8 ya wachezaji walioorodheshwa, safari hii kwa kucheza vizuri kweli. Watafiti wenyewe waliona haja ya kuifunga mashine mikono na macho ili ushindi wake uwe na maana. Anayewasha skripti anafanya kinyume chake.

Mstari uko wapi?

Sasa hapa ndipo mambo yanapotatanisha, na siwezi kujifanya ni mepesi.

Gemu zenyewe zimejaa vitu vinavyojifanya vyenyewe. StarCraft ya 1998 ilikuruhusu kuchagua askari 12 tu kwa mara moja, na kila mfanyakazi aliyezaliwa ilibidi umwelekeze kwa mkono wako aende kuchimba. StarCraft II ilipotoka mwaka 2010, unachagua jeshi zima kwa mkupuo, na wafanyakazi wanaweza kwenda machimboni bila kuambiwa mara ya pili. Wachezaji wa zamani walilalamika sana: ujuzi walioutolea jasho miaka kumi gemu sasa inaugawa bure. Warcraft III, mwaka 2002, ilikuwa na nguvu ambazo ukiziwasha zinajirusha zenyewe. Kwa nini hizo ziwe halali, na mstari mmoja wa kumgeuza mtu chura uwe haramu?

Jibu langu ni kwamba kilichowekwa ndani ya gemu tumekipata sote, na sote tunajua kipo. Mpinzani wangu anapopanga mashambulizi anajua wafanyakazi wangu wanachimba wenyewe. Mtengenezaji amekaa, akapima, akasema huu si mtihani ninaotaka kuwapa watu. Skripti ya nje inaufuta mtihani kwa mtu mmoja, kimyakimya, huku mwenzake akiendelea kuufanya.

Lakini kuna utata unaobaki. Mwaka 2018, kwenye mchujo wa Amerika Kusini kuelekea The International, mashindano makubwa kuliko yote ya Dota 2, timu ya Thunder Predator ya Peru iliondolewa. Mchezaji wake alitumia Meepo, shujaa anayeendeshwa kama kundi la nakala zake, kila moja ikihitaji amri yake. Amri za nakala hizo zilikuwa zikitoka kwa pamoja kupita uwezo wa mkono, na chanzo kilikuwa kipanya kinachoweza kupangiwa mfuatano wa vitufe. Kipanya chenyewe kinauzwa dukani. Programu ya kukipanga inatoka kwa aliyekitengeneza. Hakuna daftari la kumbukumbu lililosomwa, hakuna kilichovunjwa. Hata hivyo waliondolewa, na mimi nakubaliana na uamuzi huo kwa sababu ileile ya taa za dagaa: ugumu wote wa Meepo ni kwamba nakala ni nyingi na mkono ni mmoja. Kitufe kinachoziamrisha zote kwa mpigo kinamwondolea adui haki ya kunufaika na ugumu huo.

Ukiwa na shaka na kifaa chako, jiulize kama bonyezo moja la kidole chako linatoa kitendo kimoja au kumi. Si kipimo kamili, ila kinatatua kesi nyingi.

Wanavyokamatwa

Njia ya zamani ni ya alama. Kila programu ina sura yake ikiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na mlinzi anatembea na picha za wahalifu wanaojulikana, akilinganisha. Valve, wenye Dota 2, walianza kutumia mlinzi wa namna hiyo mwaka 2002. Udhaifu wake unaonekana: mhalifu mpya hana picha. Ndiyo maana mara nyingi akaunti hazifungwi siku ileile mtu anapogunduliwa. Ukimfunga leo, mwandishi wa skripti anajua leo kwamba amejulikana, na kesho amebadili sura. Wanamwacha, wanaandika majina, kisha wanafunga maelfu kwa siku moja. Wachezaji wanaoripoti mtu na kumwona bado anacheza wiki mbili baadaye hudhani hakuna anayesoma ripoti zao. Huenda ameshaandikwa.

Njia iliyonifurahisha kuliko zote ni ya mtego, na hapa ndipo yale makombo ya chabo yanaporudi. Ndani ya Dota 2 mlikuwa na taarifa ambazo programu ya gemu ilizitumia kwa kazi zake za ndani bila kumwonyesha mchezaji, na skripti zilijua kuzisoma. Valve wakaziba tundu hilo, na pia waliweka ndani ya gemu sehemu ya data isiyosomwa kamwe katika uchezaji wa kawaida. Hakuna mchezaji halali, hata kwa bahati mbaya, ambaye kompyuta yake ingeifungua. Aliyeifungua amejiandikisha mwenyewe. Februari 2023 walitangaza kufunga akaunti zaidi ya 40,000 kwa mtego huo. Uzuri wake ni kwamba haumkisii mtu kwa uchezaji wake. Hauulizi kama alikuwa na kasi mno. Unauliza kama aliingiza mkono mahali ambapo mkono wa mtu mwaminifu haufiki.

Riot Games wao waliamua kukaza kufuli. Mwaka 2024 waliifunga League of Legends kwa mlinzi wao aitwaye Vanguard, anayeingia hadi sehemu ya ndani kabisa ya Windows na kuwaka pamoja na kompyuta, hata kabla hujafungua gemu. Inasaidia, kwa sababu skripti nazo zilishahamia huko chini. Lakini ni kumkabidhi mgeni ufunguo wa chumba cha kulala ili alinde sebule, na anayesita kufanya hivyo simuoni kama ana la kuficha.

Kuna pia mahakama. Biashara ya skripti ina wateja wanaolipa kwa mwezi, na wakubwa wake wameshitakiwa: mwaka 2017 waliokuwa nyuma ya LeagueSharp, skripti ya League of Legends, walikubali kulipa Riot dola milioni 10, na mwaka huohuo mahakama ya Marekani iliitoza Bossland ya Ujerumani zaidi ya dola milioni 8 kwa boti zake za gemu za Blizzard, watengenezaji wa StarCraft. Korea Kusini wameenda mbali zaidi, wamefanya utengenezaji na usambazaji wa programu za namna hii kuwa jinai, yenye kifungo cha hadi miaka mitano. Ukishangaa ukali huo kumbuka kuna vijana wanaoishi kwa gemu hizi: mwaka 2021 zawadi za The International zilipita dola milioni 40.

Kwetu huku wengi wanacheza kwenye simu, na skripti za simu zina hatari ambayo haihusu gemu kabisa. Nyingi ni mafaili yanayopakuliwa nje ya duka rasmi, na ili zibonyeze skrini kwa niaba yako zinaomba ruhusa ya huduma za ufikivu, ile iliyokusudiwa kuwasaidia wenye ulemavu. Programu yenye ruhusa hiyo inaweza kusoma kilichoandikwa kwenye skrini na kubonyeza popote. Simu hiyohiyo ina pesa zako za mtandao, na pengine za mama aliyekutumia ada. Nikimkuta kijana ameweka kitu cha namna hiyo, la gemu tutazungumza baadaye. Kwanza tunakiondoa, kisha tunabadili namba ya siri.

Kutoka Mabatini hadi kwenye seva na kurudi

Nirudi kwa mpwa wangu, kwa sababu kesi yake ilinifundisha kitu ambacho maelezo mengi ya skripti yanakiruka, pengine kwa vile yameandikwa na watu wanaoishi jirani na seva.

Taarifa kwenye waya wa kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Mwanza hadi katikati ya Ulaya, tuseme seva iko huko, ni karibu kilomita 6,000 kwa mstari wa ndege, kwa hiyo kwenda na kurudi, hata kama waya ungenyooka, ni milisekunde 60. Haunyooki. Unashuka Dar es Salaam, unaingia baharini, unazunguka, unapita mikononi mwa vifaa vingi, na ukianzia kwenye simu iliyopandishwa dirishani kutafuta mtandao, ni zaidi ya hapo sana. Kwenye gemu yake mpwa wangu anasoma wastani wa milisekunde 190, kwenda na kurudi.

Maana yake ni kwamba, kwa mtu wa Mabatini, hata skripti kamili isiyo na jicho wala kidole haiwezi kujibu kabla ya milisekunde 190 kupita kwenye saa ya seva. Habari ya adui kuruka lazima imfikie, na amri yake lazima irudi. Kumgeuza adui chura kwenye pigo linalofuata hakuwezekani kwa mtu wa Mwanza; anachoweza ni kukisia na kukaa tayari. Wala kukisia si dhambi. Adui amepotea ramani nzima, umeona kisu cha kuruka kwenye mali zake, umesimama mahali ambapo wewe mwenyewe ungeruka: kidole kinakaa juu ya kitufe.

Ila kijana wa Musoma aliapa kwamba hakutua. Sidhani kama alidanganya. Naye alikuwa kwenye simu, na mtandao wa simu ukiyumba, taarifa haziji moja moja. Zinakwama, halafu zinafika kwa kundi. Kuruka kwake, kutua kwake, na uchura wake vilimfikia vyote kwa pamoja, na skrini ikamwonyesha cha mwisho. Alichokiona ni mtandao wake. Sisi wa kandokando ya ziwa, wenye mtandao unaoyumba, ndio tunaoona mambo yasiyo ya kibinadamu mara nyingi kuliko wengine, na ndio tunaotuhumiana kirahisi kuliko wengine.

Dawa ipo. Marudio ya mechi ya Dota 2 hurekodiwa na seva, si na skrini ya mtu. Yanapakuliwa, yanapunguzwa mwendo, na unaweza kuangalia kupitia kamera na kipanya cha mchezaji yeyote. Tukakaa Jumapili nzima, umeme ukakatika mara moja, tukaendelea uliporudi.

Nilichokuwa natafuta nilikiandika kwenye karatasi kwanza, ili nisije nikaona ninachotaka kuona. Je, anamgeuza mtu aliye nje ya kamera yake? Skripti hufanya hivyo, kwa sababu haihitaji kuangalia. Je, kipanya chake kinamfikia adui kabla ya amri, au amri inatoka kipanya kikiwa kona nyingine? Je, muda wake unafanana kila mara? Binadamu anatawanyika, leo 250, dakika ijayo 400. Waandishi wa skripti wanalijua hilo na wanaweka ucheleweshaji wa bahati nasibu, kwa hiyo nikaongeza swali la nne, ambalo ndilo ninaloliamini kuliko yote: je, anakosea? Skripti haishtuki. Haimgeuzi mtu asiye sahihi kwa sababu ya kihoro.

Ile ya Musoma tuliihesabu mara tatu. Kutoka kutua hadi chura, mapigo 14, yaani milisekunde 467 hivi. Ondoa 190 za safari, zinabaki kama 277, za mtu aliyekuwa anasubiri. Kamera ya mpwa wangu ilikuwa palepale kwenye kichaka aliporukia adui, na kipanya kilikuwa kimekaa karibu na alipotua adui sekunde nzima kabla. Kwingine kwenye mechi ileile alichelewa hadi adui akamaliza kazi na kuondoka. Mara moja, kwenye vurugu katikati, nguvu ya chura ilienda kwa nakala ya uongo ya adui, na adui halisi akamuua akiwa amesimama kando yake.

Hiyo ya mwisho ndiyo aliyoionea aibu. Aliniomba nisiitume. Nikamwambia hiyo ndiyo ya kwanza kutuma.

Tuliwapelekea namba ya mechi badala ya video yetu, kila mtu apakue mwenyewe na ahesabu. Siku mbili hakuna aliyejibu. Siku ya tatu kijana wa Musoma ndiye aliyeandika, kwa ufupi, kwamba amehesabu na amepata 14. Akarudishwa kundini.

Wanacheza mpaka sasa. Jamaa wa Musoma haruki tena kuelekea kichaka kile, siku hizi anazungukia upande wa mto.